Mapipa Yasiyopewa Tanzia

Pipa lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na hapo ndipo Ludivine alipoanza kuogopa.

Pipa la divai halijijazi. Mbao hunywa, hewa ya ghala hunywa, na mtunzaji hushuka mara kwa mara kujazia kilichopungua. Katika kijiji hiki cha vilima vya Jura, mzee Anselme, baba mkwe wake, alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana. Walimzika kabla ya theluji. Tangu hapo Thibaut, mwanawe, alishuka ghalani kila siku, akakaa huko, akapanda bila kujazia chochote.

Ludivine alivuta divai kidogo kwa mrija, akaimimina kwenye bilauri. Divai ya nyumba hii ni nyekundu nyepesi, ya zabibu zenye ganda jembamba zilizoivia baridini. Ukishika bilauri unaviona vidole vyako upande wa pili. Hunukia stroberi za porini na majani yaliyolowa. Huteleza ulimini kama maji ya kijito, kisha huacha uchachu mdogo unaokuita urudi. Wageni huicheka, husema ni maji yaliyopita karibu na zabibu. Ludivine aliipenda divai hiyo kabla hajampenda Thibaut.

Leo hakuviona vidole vyake. Divai ilikuwa nzito, nyeusi, na ilinuka chuma.

Mchana huo Shangazi Huguette, dada wa marehemu, alikuja kula nao.

"Wewe Thibaut, mbona umepauka kama jibini mbichi?" alisema akikata soseji. "Mkeo hakupikii?"

"Nampikia, shangazi," alijibu Ludivine. "Hataki kula."

"Basi mpikie vizuri!"

Thibaut hakucheka. Aliweka uma chini, akainuka. "Mapipa yananihitaji huko chini," alisema, akatoka.

Ludivine alimsogezea shangazi ile bilauri. Huguette aliinusa, na utani ukamtoka usoni.

"Thibaut alipoyapa mapipa habari, alisema nini?"

"Habari gani?"

"Za msiba, mwanangu! Mwenye ghala akifa, mtu wa nyumba anagonga kila pipa, analiambia bwana wako amekufa, na bwana mpya ni fulani. Hukumwona akifanya?"

"Alisema umefanya wewe. Kwamba dada wa marehemu ndiye…"

"Mimi? Mimi nilijua amefanya yeye, mtoto wa kiume!"

Walitazamana. Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Huguette.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Jini linaloishi ndani ya mapipa halijui kwamba Anselme amekufa. Limeungoja mkono wake, limeukosa, sasa linajijazia lenyewe. Kwa damu ya Thibaut."

Ludivine alishika mshumaa, akashuka. Harufu ya chuma ilimpokea ngazini, na chini yake harufu nyingine, ya koti la mzee Anselme likiwa limelowa mvua. Na kadiri alivyoteremka ndivyo alivyousikia mlio wa kitu kikimiminika, gudu, gudu, gudu, polepole, bila haraka, kama mtu anywaye akijua hakuna wa kumnyang'anya, mpaka akamwona mumewe amepiga magoti kando ya pipa kubwa, kiganja chake kimeziba tundu la juu, macho yamefumbwa, mashavu yamebonyea, na kila mlio ulipokuja bega lake lilishtuka kidogo, na alipomshika mkono kumvuta, mkono haukutoka, ulikuwa umeng'ang'aniwa kwa ndani, na huko juu mlango ulijifunga wenyewe, ukamwacha Shangazi Huguette upande wa pili akiupiga kwa ngumi.

"Ligonge!" alilia Huguette. "Lipe habari!"

Ludivine aligonga. "Anselme amekufa." Akagonga la pili, na la tatu, akizunguka ghala zima, sauti ikimkauka. "Bwana wenu amekufa. Tumemzika. Hatarudi."

Mlio ukakoma. Mapipa yote yalishusha pumzi pamoja. Kisha kutoka gizani, kwa kikohozi cha mzee Anselme, kitu kikauliza:

"Nani sasa?"

Midomo ya Thibaut ilifunguka. "Mi…"

Ludivine akamrudia mbio, akaiziba kwa kiganja.

"Shangazi," aliita kuelekea mlangoni, "nimtaje nani?"

"Usiliache bila jina. Litachagua lenyewe."

"Nimtaje nani, shangazi?"

Nyuma ya mlango, hatua za Huguette zilirudi nyuma.

Thibaut alikuwa mwepesi mikononi mwake, mwepesi kuliko mtoto. Ludivine alivuta pumzi.

"Ludivine," alisema. "Ni mimi."

Mkono wa Thibaut ulichomoka. Mlango ukafunguka, mwanga wa jikoni ukateremka ngazini. Ludivine alimsukuma mumewe mbele yake, naye Thibaut akatambaa akilia hadi juu, shangazi akampokea kifuani.

Ludivine akafuata. Alipofika ngazi ya mwisho mguu wake ulikataa kuinuka. Haukuuma. Haukufa ganzi. Ulikataa tu, kama mguu wa mtu aliyekwisha kufika kwake.

"Mke wangu, njoo," Thibaut aliita, uso umeanza kupata damu. "Njoo uote moto."

"Tangulieni kula," alijibu, akishangaa sauti yake ilivyotulia.

Shangazi Huguette hakumtazama machoni. Aliushika mlango, akausindika taratibu, kama mtu afungaye chumba cha mtoto aliyelala.