Saa Aliyoibuni Nyabuto

Jumamosi ile, ndugu zangu, nyumbani kwa Nyabuto kulikuwa shwari. Walikuwa wametoka kanisani, maana ni Wasabato, wakala ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwa maziwa, na sasa kila mmoja ametafuta pa kupumzikia. Nyabuto alikuwa barazani amevua viatu. Mkewe, Kemuma, alijilaza mkekani kwenye kivuli cha migomba. Marion, binti yao wa pekee aliyekuwa gredi ya nane, alikuwa amekaa kizingitini akisuka nywele zake mwenyewe. Mbele yao mashamba ya chai yaliteremka hadi mtoni, na ng'ambo lilionekana paa la kiwanda cha Itumbe.

Sufuria zikaanza kugongana jikoni, na jikoni hakukuwa na mtu. Kuku wakatawanyika. Kisha ardhi yenyewe ikatikisika, vioo vya madirisha vikalia, na Kemuma akainuka akiita jina la Yesu. Kabla hajalimaliza, kukawa kimya tena. Walizunguka nyumba wakaona ufa mwembamba tu kwenye plasta. Hakuna aliyeumia, wala hapo wala katika mtaa mzima.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Nyabuto alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani ya chai. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka mlijue mapema. Alichanga kwenye matanga, na jirani akiugua alikuwa wa kwanza kumtafutia gari. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wengi wetu tunao: alipenda kuwa wa kwanza kupasha habari. Ajali ikitokea Masimba, yeye ameshaiandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla ya majeruhi kuinuliwa. Kama hajui idadi, anaikadiria. Watu waliposema, "Muulize Nyabuto," moyo wake ulijaa.

Jumapili simu yake haikupumzika. Wengine walisema ni mwisho wa dunia, wengine kwamba kuna mlima wa moto uliolala chini ya Ogembo. Marion alimwona baba yake akisoma haya yote kwa macho makali, akaja akaketi karibu naye.

"Tata, hayo si kweli. Mwalimu Celestine alitufundisha muhula uliopita."

"Aliwafundisha nini?"

Marion akaokota kijiti kikavu cha mkaratusi, akampa ashike ncha zote mbili. "Kikunje polepole. Bado. Endelea."

Kijiti kikakatika, tap!

"Umesikia ule mshtuko mikononi?" akauliza Marion. "Ndivyo mwamba ulio chini unavyofanya. Ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa sana, na vipande hivyo vinasogea, kidogo tu kila mwaka. Sisi tuko karibu na Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inavutwa pande mbili. Mwamba unavutwa, unavumilia, hadi siku moja unateleza ghafla penye ufa. Ile nguvu inatoka kama mawimbi na kusafiri mbali. Pengine tetemeko la jana lilianzia mbali sana na hapa, sisi tukapata tu mabaki yake."

Nyabuto alicheka kwa furaha ya mzazi. "Na lingine litakuja lini, mwalimu wangu?"

"Mitetemo midogo inaweza kufuata. Lakini saa yake hakuna anayeijua, tata. Hata wenye mitambo hawawezi kukutajia siku wala saa. Mwalimu alisema mtu akikutajia saa, huyo anakudanganya."

Shikeni maneno hayo. Nyabuto aliyasikia kwa masikio yake mawili, kutoka kinywani mwa mtoto wake.

Jumatatu asubuhi wanawake walifika kituoni na vikapu vya chai wakiwa na hofu. Orpah, jirani yake, aliuliza mbele ya wote, "Karani, wewe ndiye wa habari. Tuambie, kuna lingine linakuja?"

Angesema, "Sijui." Ni neno dogo. Lakini wote walikuwa wamemkazia macho, naye simuni mwake alikuwa na sauti iliyorekodiwa na mtu asiyemfahamu, ikisema tetemeko kubwa zaidi huenda likaja. Alijitenga kando ya mzani akaandika: "TAHADHARI. Wataalamu wamethibitisha tetemeko kubwa leo saa sita mchana. Tokeni ndani ya nyumba. Mjulishe mwenzako."

Wataalamu aliwaweka yeye. Saa sita aliiweka yeye. Aliona habari isiyo na saa haina uzito.

Haikuchukua muda, ujumbe ukawa umefika kwenye kundi la kanisa, kwa waendesha bodaboda wa Ogembo, hadi kwa wenye maduka Masimba. Wengine walifunga biashara. Nyabuto aliona watu wakimshukuru kwenye simu, na hofu ndogo iliyomchoma alipomkumbuka Marion akaituliza upesi: shule ina uwanja mpana, watoto watatolewa nje.

Shuleni, mpishi aliusoma ujumbe ule, akawaambia watoto wawili waliokuja kuomba maji. Kufikia mapumziko kila mtoto alikuwa anaujua. Mwalimu Celestine alipita darasa hadi darasa akisema ni uongo, na akawakumbusha: "Ardhi ikitikisika kweli, usikimbilie ngazi. Inama, ingia chini ya dawati, funika kichwa na shingo, shikilia mguu wa dawati mpaka itulie. Ndipo tutoke kwa utaratibu." Walimsikia. Lakini hofu ilikwisha kuingia, na macho yao yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

Dakika chache kabla ya saa sita, lori lililojaa mawe ya ujenzi lilipita barabara ya nyuma ya shule. Madirisha ya ghorofani yakatetema.

"Limekuja!" mtu akapiga kelele.

Ilikuwa ngazi moja, na madarasa matatu yakaimiminikia kwa pamoja. Marion alikuwa ametumwa chini kuleta madaftari, sasa anapanda nayo kifuani. Alikutana na wenzake katikati ya ngazi, wao wakishuka. Hakuwa na pa kugeukia.

Waliobaki chini ya madawati, kama walivyofundishwa, hakuna hata mmoja aliyepata mkwaruzo.

Nyabuto alikuwa bado kituoni, anatazama saa yake, simu ilipolia. Alikuwa Mogaka, mwendesha bodaboda.

"Nyabuto, njoo shuleni."

"Kwani limekuja? Huku hatujasikia kitu."

"Hakuna tetemeko, ndugu yangu. Njoo tu."

Alimkuta Marion amelazwa kwenye nyasi, amefunikwa sweta ya Mwalimu Celestine. Alikuwa bado anapumua, pumzi fupi fupi. Walimwingiza kwenye gari, kichwa chake mapajani mwa baba yake. Walipofika kwenye lango la hospitali, Nyabuto hakuwa na haja ya daktari kumwambia lolote. Alikuwa amesikia pumzi ya mwisho.

Siku ya tatu, watu wakiwa wanapanga mazishi, Kemuma alimwita mumewe chumbani. Alikuwa na simu mkononi. Alikuwa amefuata ujumbe ule nyuma, kundi hadi kundi, mpaka ulipoanzia.

"Baba Marion, hii saa sita uliitoa wapi?"

Nyabuto akainama.

"Nakuuliza. Nani alikuambia saa sita?"

"Hakuna."

"Uliitoa wapi basi?"

"Kichwani mwangu, Mama Marion."

Kemuma hakulia wala hakupiga kelele. Aliiweka simu kitandani taratibu, akatoka kwenda kukaa na wanawake waliokuja kumfariji.

Siku ya mazishi Nyabuto aliomba nafasi ya kusema. Watu walidhani atawashukuru. Alisimama kando ya jeneza akasema, "Nimesikia mnauliza nani alianzisha ule uongo. Ni mimi. Mtoto huyu aliniambia ukweli Jumapili, nikauacha kwa sababu nilitaka mniite mtu wa habari." Mchungaji akamshika mkono akamketisha. Hakuna aliyemtukana, kwa maana wengi pale walikuwa wameutuma ujumbe huohuo kwa vidole vyao.

Mwezi uliofuata Kemuma alifungasha nguo zake akaenda kuishi kwa kaka yake huko Nyamira. Nyabuto alimsindikiza hadi barabarani akamwomba abaki. Alimjibu, "Sikuchukii. Ila nikiisikia sauti yako tu, naisikia saa ile." Hajarudi hadi leo. Nyabuto aliacha ukarani. Huchuma chai yake peke yake, na anayemuuliza habari humjibu, "Sijui," akaendelea kuchuma.

FUNZO

Ndugu zangu, tetemeko la ardhi halikumuua Marion. Lilikuja Jumamosi, likapasua plasta, likaenda zake. Kilichomuua ni uongo uliovaa nguo za tahadhari.

Tetemeko ni kazi ya miamba iliyo chini yetu: si uchawi, wala si ghadhabu ya mtu. Hakuna binadamu anayejua saa yake, kwa hiyo anayekutajia saa, usimwamini na usimsambazie. Likija kweli, jikinge chini ya kitu imara hadi litulie, kisha utoke bila kusukumana. Wafundisheni watoto hivyo, na wao wakiwafundisha ninyi, wasikilizeni.

Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Utaona haya kidogo mbele ya watu, kisha utarudi nyumbani uwakute wanao wote.