Taa ya Tepu ya Mwalimu Reuben

Sogeeni jikoni, wajukuu wangu, moto bado unatosha. Zimeni hizo simu. Lewis, weka gunzi chini, meno yako yananipotezea maneno. Haya ninayotaka kusema hayapendi kusikia sauti nyingine. Nyamazeni... Ndiyo. Hivyo hivyo.

Mnamjua Shanice. Mama yake, Tryphena, binti yangu, alikufa Shanice akiwa bado ananyonya. Hata picha ya maana hakuacha. Aliacha sauti tu, kwenye tepu ya kwaya yetu hapa Sagalla, zile tepu za zamani za magurudumu mawili. Aliyerekodi ni Mwalimu Reuben wa kwaya. Tryphena ndiye alianza ule ubeti wa kwanza, peke yake.

Mashine ya kuichezea ilikuwa hapa nyumbani, aliniachia babu yenu, naye aliipata kanisani, lakini ilikuwa bubu. Magurudumu yanazunguka, sauti hakuna. Shanice alipopata mchumba akaniambia, "Nyanya, siku ya harusi nataka nimsikie mama. Mara moja tu."

Nikampelekea fundi Nashon, kule Voi karibu na stesheni. Ni mtu wa magharibi, baba yake aliletwa huku na kazi ya reli. Mcheshi. Na sauti yake ilikuwa nzito, akikusalimia unaisikia kifuani. Akafungua mashine, akachungulia.

"Mama Tryphena, hii si ya transista. Ina taa za kioo ndani, ndizo zinazokuza sauti. Moja imekufa."

"Si uweke ingine."

"Nitoe wapi? Hii taa ni mzee kuniliko."

Alitafuta lakini. Voi, Mwatate, mpaka Mombasa, wakamcheka. Alichinja redio kuukuu za watu akitafuta spea. Akipata taa, miguu haiingii. Ikiingia, kioo ni cheusi.

Siku moja, jua limeanza kulala, nikasikia bodaboda mlangoni. Ni yeye.

"Nimeambiwa kanisa lilikuwa na mashine mbili, pacha. Ya pili iko wapi?"

Ya pili alibaki nayo Mwalimu Reuben. Alipokufa, ile mashine ilikuwa inanguruma jioni, na nyumba yake haina stima. Nduguze wakaibeba wakaipeleka pangoni, kule mafuvu ya wazee wetu yamepangwa juu ya mwamba. Tangu tubatizwe hakuna anayepeleka kichwa cha mtu kule. Lakini mashine waliipeleka.

"Basi twende tuombe," Nashon akasema. "Maiti hatumii spea."

Tukapanda. Nilibeba kibuyu cha maji ya miwa, kwa sababu kwetu huendi kwa wazee hivi hivi. Unatasa. Unajaza mdomo, unayapuliza nje, pfuuu, mabaya yote ya moyoni yatoke nayo, ndipo useme shida yako. Nikaanza mimi. Nikampa Nashon kibuyu. Kilima kilikuwa kimemchosha, jasho linamtiririka.

Akanywa.

"Umemeza?"

"Kwani hayamezwi? Nilikuwa na kiu, mama."

Nikacheka. Nikasema wazee watamsamehe mgeni.

Pangoni kulikuwa na harufu ya popo. Na harufu nyingine... vumbi linaloungua juu ya kitu cha moto. Mashine ilikuwa chini ya mafuvu. Nashon akafungua skrubu, akaingiza mkono. Akautoa haraka.

"Nini?"

"Taa ni ya moto."

Waya haukuwepo. Stima haijawahi kufika mlima ule.

Akaifunga kwa leso, akaitia mfukoni. Tukashuka. Njia ni moja: unapita jiwe lililopasuka, unaingia mashambani, unaona kanisa. Tukapita jiwe. Tukatembea... tukatembea...

Harufu ya popo.

Tulikuwa mlangoni mwa pango.

Tukashikana mikono, tukaanza tena. Popo. Tukaacha njia, tukakata vichakani, miiba ikanirarua leso. Popo. Chini kule tuliona taa za Voi, tukasikia treni ikipiga honi. Karibu kabisa. Hata mbwa wa watu tuliwasikia.

"Rudisha taa," nikamnong'oneza.

Akaingia, akaiweka juu ya mashine, akatoka. Tukashuka tena. Tulipofika mlangoni pale pale, akajipapasa mfukoni. Taa ilikuwa ndani.

Haikuwa taa waliyoitaka wale wa pangoni.

Ndipo mashine ikaanza kunguruma. Mmmmm... Kisha fimbo ikagonga mwamba. Ko. Ko. Ko.

"Soprano... wako. Alto... wako. Tenor... wako."

Ilikuwa sauti ya Reuben, anaita kwaya yake. Nimeimba chini ya fimbo yake miaka mingi, siwezi kuikosea.

"Besi?"

Kimya.

"Besi... haijaja."

Maisha yake yote alililia besi. Wanaume wetu wenye sauti nzito walikuwa wameenda kazi pwani.

"Usiitike," nikasema.

Nashon akatazama taa za Voi kule chini. "Mke wangu Mideva ananingoja na watoto."

"Usiitike, baba."

Ko. Ko. Ko. "Besi?"

"Mama Tryphena, tutafia hapa. Wewe huna mtu anayekuita. Anayeitwa ni mimi."

"Besi?"

"Niko."

Mngurumo ukakatika. Tukashuka. Jiwe. Mashamba. Taa ya kanisa. Watu walikuwa bado wanakula ugali wao. Nikamshukuru Mungu, nikamgeukia Nashon.

Mdomo wake ulikuwa unacheza.

Hakuna kilichotoka.

Daktari alimmulika akasema koo ni zima. Hata hivyo Nashon alimaliza kazi yake, akaifunga ile taa kwa mkono wake mwenyewe, mkewe Mideva ameketi kando. Siku ya harusi tepu ikazunguka. Nikamsikia binti yangu akivuta pumzi, halafu akaanza. Shanice akaziba mdomo kwa viganja.

Kisha chini ya Tryphena ikaingia besi.

Nilikuwepo siku ya kurekodi. Besi haikuwepo.

Mideva akasimama. "Huyo ni mume wangu," akasema. Nashon akatoka nje.

Wengine walisema taa ikirudi pangoni, sauti yake itarudi. Wengine wakasema wote wawili, yeye na Tryphena, watanyamaza. Nashon akakataa isiguswe, kwa kutikisa kichwa tu. Mwaka jana tulimzika.

Vyuma vyake vya kazi alirithi ndugu yake Morris. Mashine na taa ni za Shanice. Besi ni ya Mideva. Kila Jumapili anapanda kutoka Voi, anakaa karibu na mashine, anamwambia mumewe watoto wanaendeleaje, na kabla ya ubeti wa mwisho tepu siku hizi inangoja kidogo.

Lakini taa hizi huungua, na nyingine za aina yake ziko kwenye ile mashine ya pangoni tu. Na Mideva ameshaniuliza njia ya pangoni.