Padi ya Pili

Padi ya pili ilikuwa na joto.

Fundi aligundua hivyo alipoinama kuikusanya na waya wake. Ilikuwa imelala chini ya meza ya runinga, pale pale alipoiacha asubuhi, na binti yake alikuwa anacheza gemu peke yake kwa padi ya kwanza. Lakini vitufe vilikuwa na joto na unyevu kidogo, kama mtu ameishika muda mrefu na kuiachia sasa hivi. Fundi aliifuta kwenye suruali, akakagua waya, akajiambia ni umeme unavuja. Mtu akiwa fundi, kila kitu huwa ni umeme unavuja.

"Ulikuwa unacheza na nani?" akamuuliza mtoto.

"Na yule," mtoto akajibu bila kugeuka.

Mtoto huyo walimwita Kasuku, na jina lilimkaa. Aliongea akila, aliongea akioga, na usingizini pia aliongea. Mama yake, dobi aliyepiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele, alikuwa akiwaambia wateja kwamba huyu alizaliwa akiuliza swali na bado anasubiri jibu. Baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea vitu vidogo kuliko punje ya mchele, alikuwa na neno moja kwake: "Nyamaza kidogo, Kasuku, nimalize." Alilisema kwa upendo, lakini alilisema mara nyingi mno, na baadaye alilijutia kuliko neno lolote lililowahi kumtoka.

Hakuuliza yule ni nani. Siku hizo fundi alikuwa na furaha ya kupindukia, na mtu mwenye furaha ya namna hiyo hasikii vizuri.

Furaha yenyewe ilitokana na gemu aliyokuwa ameileta nyumbani kwa mikono yake, ile ile aliyokuwa akiicheza Kasuku. Gemu za kupigana za Ngumi Saba zilitoka tatu, zote kwenye mashine kubwa za kusimama, zile za kutia sarafu. Ya kwanza na ya pili zilitolewa baadaye kwa mashine ndogo za nyumbani, lakini zilifika zimepunguzwa, kwa sababu kaseti ya nyumbani haina nafasi kama ya mashine kubwa. Ya kwanza ilikuja bila watazamaji wanaoshangilia nyuma. Ya pili ilikuja na wapiganaji wanaopigwa bila kulia. Dobi, alipoelezwa hayo, alisema ni kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto, ni lile lile ila halikuenei. Ya tatu, iliyopendwa kuliko zote, haikufika nyumbani kabisa, maana kampuni ilifungwa mapema.

Fundi aliijulia hiyo ya tatu katika ukumbi wa mashine za sarafu, alipokuwa kijana wa kufagia na kurekebisha vitufe. Mwenye ukumbi, mzee waliyemwita Bosi Sarafu, alikuwa na mazoea yaliyowachekesha. Kila jioni kabla ya kufunga, alitia sarafu yake mwenyewe, akaweka mikono nyuma na kukubali apigwe. Kisha alisimama kusikiliza ile sauti nzito ya mwanamume ikihesabu muda wa kutia sarafu nyingine: unaendelea? Kumi. Tisa. Nane. Ilipofika sifuri ndipo alipozima. Vijana walimtania kwamba anaiaga mashine kama mchumba. Yeye hakucheka. "Mwacheni amalize, atoke," alisema, nao walidhani anasema juu ya mchezo.

Mzee alipofariki, mjane wake alimwambia fundi aichukue mashine, yeye hataki hata kuiona. Fundi aliifungua, akang'oa vichipu kwa moto wa chomeo, akanakili vilivyomo kwenye kompyuta yake. Bodi ilipasuka katika kazi hiyo, mbao akazitupa. Alikuwa ameapa kuileta gemu nyumbani nzima, na watazamaji wake na vilio vyake. Nafasi ilipombana, akatafuta cha kukata ambacho hakuna atakayekikumbuka. Nani anatia sarafu sebuleni kwake? Na kama hakuna sarafu, kuhesabu kwa nini? Ukipigwa unaanza tena, basi. Ile sauti nzito ilikuwa inakula nafasi kuliko wapiganaji wawili. Akaikata. Kila kitu kingine kikaingia, na kaseti ikabaki na nafasi tupu kidogo, ambayo hakuwa na cha kuijazia.

Harufu ndiyo iliyofuata. Dobi aliishi kwa pua yake. Alikuwa anajua shati la mwenye duka la mafuta na la mwenye bucha kabla ya kuliangalia. Alasiri moja aliingia sebuleni na rundo la mashuka, akasimama.

"Baba Kasuku, nani kaleta sarafu humu?"

"Sarafu gani?"

"Nanusa sarafu. Zimeshikwa na mikono ya jasho, nyingi."

Fundi alinusa, akasema hanusi kitu. Alikuwa ananusa. Ilikuwa harufu ya ukumbi wa Bosi Sarafu, ile iliyomganda vidoleni ujana wake wote, na ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa mashine ya nyumbani, mahali kaseti inapochomekwa.

Siku hiyo hiyo akakaa nyuma ya mtoto, akaangalia. Kasuku alichagua mpiganaji wake, yule mwanamke mwenye kilemba. Mshale wa mchezaji wa pili, ambao haukuwa na mtu, ukaanza kusogea wenyewe, polepole, ukapita nyuso zote saba na kusimama kwenye kisanduku cha nane, kisanduku ambacho fundi alijua hakipo, kwa kuwa alichora ukurasa ule kwa mkono wake. Akatokea mpiganaji asiye na uso wala nguo, mweusi tu. Hakupiga kelele kama wengine. Alimpiga yule mwanamke taratibu, na alipomwangusha, runinga ikatoa kicheko.

Kilikuwa kicheko cha Kasuku, kile cha kuishia na kwikwi, na Kasuku mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdomo umefumba.

"Kasuku," baba akaita.

"Yule hana sauti, Baba," mtoto akasema kwa kunong'ona. "Ananiomba yangu."

Hakucheka tena baada ya hapo. Mama alimtekenya, akamwigizia mteja mwenye kitambi anayelazimisha suruali ya ujana, na mtoto akatabasamu bila sauti, mabega yakimtikisika. Walikubaliana gemu isichezwe tena. Lakini mtoto alipokuwa analala mchana, runinga ilijiwasha, na alipoamka alikuwa amepungukiwa na kitu kingine: wimbo wake wa kuogea, kisha maswali, kisha neno Mama. Vyote vilisikika sebuleni, kimoja kimoja, kila yule mweusi aliposhinda, na dobi, aliyekuwa chumba cha mbele na pasi mkononi, alisikia akiitwa Mama, Mama, kwa sauti aliyoizaa mwenyewe, akakimbia kumkuta mtoto amekaa kimya anamtazama, na nyuma yake runinga ikiendelea kumwita.

Fundi akaing'oa kaseti.

Kasuku akaanguka ubavu. Hakutupa mikono wala miguu, aliacha kupumua tu, na midomo ikageuka rangi mbele ya macho yao wakati dobi akimtikisa na kumpulizia kinywani na fundi akisimama na ile kaseti mkononi asijue la kufanya, mpaka mkewe alipomfokea airudishe, airudishe, na vidole vyake, vilivyozoea vitu vidogo kuliko punje ya mchele, vikakosa tundu na kukosa tena kabla ya kuipata. Runinga ikawaka. Mtoto akavuta pumzi.

Hospitali walipima kila kitu na hawakuona kitu, na njia nzima ya kwenda na kurudi fundi alipakata runinga ndogo, mashine na betri ya gari ili gemu isizimike, akichungulia waya kuliko alivyochungulia barabara.

Mganga aliyeletwa na shangazi yake dobi alikuwa mshona sare, mwanamke mwenye futi shingoni ambaye alikuwa anatibu watu alipomaliza oda zake. Hakuleta pembe wala ngoma. Alikaa mkekani kando ya Kasuku, akamshika mkono, akaitazama runinga muda mrefu, jasho likimshuka.

"Huyu hakuja juzi," akasema chini chini. "Ni wa siku nyingi. Huko alikotoka alikuwa anaingiaje?"

Fundi alimweleza yote, sarafu, hesabu, na mzee aliyesimama mikono nyuma kila jioni. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake mwenyewe.

"Kule alikuwa anaitwa kwa sarafu na anaagwa kwa hesabu," mganga akasema. "Hapa ameingia bure, na hamjamuaga hata siku moja. Anakaa. Na pale ulipoacha nafasi tupu, ndipo anapopanga vitu vyake."

"Mwanangu si kitu chake," dobi akasema.

"Najua, mama."

"Sasa tufanyeje?"

"Mrudishieni hesabu yake. Ifike sifuri, atoke." Alisita, akalivuta futi lake. "Mimi kwa kusoma dua siwezi kumtoa. Nisiwadanganye."

Fundi alirudisha. Alikuwa bado na ile sauti nzito kwenye kompyuta. Akaandaa kaseti nyingine mezani, safari hii akiwakata watazamaji ili sauti itoshe, akaibadilisha haraka huku mkewe akimpulizia mtoto kinywani, na walipoona anapumua waliangaliana kwa mara ya kwanza kama watu wenye kesho. Fundi akaweka mikono nyuma, kama alivyokuwa akifanya mzee. Yule mweusi akampiga. Skrini ikafifia.

"Unaendelea?" runinga ikauliza.

Haikuwa ile sauti nzito ya mwanamume.

"Kumi," ikasema sauti ya Kasuku. "Tisa."

"Acha ifike," mganga akanong'ona, lakini hakuwa na uhakika tena, na wote walimsikia hana.

Kwenye nane vidole vya mtoto vilikuwa baridi, kwenye saba baridi ikapanda mpaka kwenye viwiko, na dobi, aliyekuwa amempakata kifuani, akaona mboni za macho zikipungua nuru kwa kila namba kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba akielekea mlangoni, akaelewa kabla ya mumewe na kabla ya mganga kwamba mgeni kweli anatoka, ila hatoki mikono mitupu, anatoka na alichokusanya. Hesabu ilipofika mbili aliruka, akabonyeza kitufe. Raundi mpya ikaanza. Joto likarudi mikononi mwa mtoto.

Mganga alisimama. "Nisameheni," akasema. "Nisameheni sana." Akaondoka na viatu mkononi.

Fundi alijaribu jambo moja zaidi. Alirudisha kaseti ya kwanza, ile isiyo na hesabu. Runinga ikabaki nyeusi, na hesabu ikaendelea, safari hii kutoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, kinywa ambacho hakikuwa kimetamka neno tangu alipopotelewa na neno Mama. "Nne," Kasuku akasema, macho yakiwa darini. "Tatu." Walirudisha ya pili wakiwa wanalia wote wawili, na tangu hapo hawakuing'oa.

Ndiyo maisha yao sasa. Ukikaa bila kupigana, muda wa raundi unakwisha na mweusi anapewa ushindi. Ukipigana, anakushinda. Kisha inahesabu, nawe unabonyeza. Wamepeana zamu. Betri mbili za gari ziko chini ya meza, kwa ajili ya umeme ukikatika. Kazi ya chomeo imelala. Dobi amehamishia meza ya pasi sebuleni, anapasi mashati ya watu kwa mkono wa kulia, na padi iko kushoto. Kasuku amekaa mkekani, analishwa, anachanwa nywele. Mchana, jua likiingia dirishani, mtu angedhani ni mtoto mtulivu.

Jana jioni fundi alimwachia mkewe zamu. "Imeanza kuanzia saba," alimwambia huku akivua viatu. "Haianzii kumi tena. Lakini saba inatosha, usiogope." Akajilaza, usingizi ukamchukua hapo hapo.

Dobi alipigana vibaya kama kawaida yake, akaanguka. Skrini ikafifia.

"Tatu," ikasema sauti ya mwanawe.

Alibonyeza kwa kuchelewa, pasi ikamwangukia mguuni, hakuihisi. Akamgeukia mumewe, akamwona amelala mdomo wazi, mtu aliyedanganya ili mwenzake apate jioni moja ya kupumua. Raundi ikapita. Akaanguka tena.

"Mbili," sauti ikasema. Kisha, kabla ya namba iliyofuata, ikasema taratibu, kwa ule upole wa kuomba maji: "Mama, usibonyeze. Nimechoka."

Alimtazama Kasuku. Kasuku alikuwa anamtazama yeye, mdomo umefumba. Hakuna mama angeweza kujua ni nani aliyesema, na hakungoja kujua. Alibonyeza. Chini ya meza, padi ya pili ikasogea kidogo na waya wake, ikatulia.

Fundi aligeuka pale alipolala. "Mama Kasuku," akauliza kwa sauti ya usingizi, "inaanzia ngapi?"

Dobi alifuta machozi kwa shati la mteja, akashika padi kwa mikono yote miwili, akaiacha pasi sakafuni iunguze nguo iliyoanguka nayo.

"Saba," akasema. "Lala."