Sanduku la Majani la Mama Mdogo Wally

Kwetu Neukölln, mjini Berlin, umeme ulikuja saa nane mchana na kukatika saa kumi. Basi. Ikikaribia saa nane, mama yangu Hertha alikuwa ameshasimama mbele ya jiko, sufuria mkononi. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1948, na baridi ilikuwa imeanza kuuma.

Chakula chetu kililetwa na ndege, kwa sababu Warusi walikuwa wamefunga barabara zote za kuingia upande wetu wa mji. Ndege zilileta unga, makaa ya mawe, maziwa ya unga na viazi vilivyokaushwa. Jamani, viazi vile! Mama alivimwaga kwenye maji yanayochemka, akavipika mpaka kipimo chetu kidogo cha umeme cha siku kikaisha, navyo bado vigumu kama vipande vya mbao. Mimi nilivitafuna tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na meno yangu yote.

Lakini babu Emil, baba yake mama, alikuwa amebakiwa na meno manne, na tumbo lake lilikuwa bovu. Alikula vijiko viwili, akajikunja kwa maumivu, akasukuma sahani. Ikawa hivyo wiki tatu mfululizo. Alikonda hadi pete yake ya ndoa ikawa inamvuka kidoleni, mama akaizungushia uzi isipotee. Siku moja nilimsikia mama akisema peke yake jikoni kwamba kwa hali hii mzee hatafika Krismasi. Niliogopa sana.

Mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu aliishi mama mdogo Wally, mdogo wake mama. Mtaa wake ulikuwa chini ya Warusi, wetu chini ya Wamarekani. Watu walipita huku na huku, ila askari walipekua mifuko na kuchukua chakula. Mwishoni mwa Julai Wally alikuja kutusihi tujiandikishe upande wa Warusi, tupate viazi vibichi na makaa. Mama akamwambia ameuza akili yake kwa gunia la viazi. Wally naye akasema mama analishwa na watu waliotuangushia mabomu juzi tu. Akatoka, mlango ukabamizwa. Hawakusemeshana tena.

Sasa jirani yetu, Bi Pohlmann, alikuwa mwalimu wa historia kabla ya vita. Siku hizo alisafisha matofali ya nyumba zilizobomoka, kama wanawake wengi wa mji. Mchana mmoja alikuja kurudisha kikaango, akachungulia sufuria ya mama.

"Hertha, umeviloweka hivi?"

"Kuviloweka kwa nini? Si vinachemka kwenye maji?"

Bi Pohlmann akavuta kiti. Alieleza kwamba viazi vile vimetolewa maji ili viwe vyepesi kubebwa na ndege. Kwa hiyo ni lazima virudishiwe maji yake kwanza. Viloweke kwenye maji baridi tangu asubuhi. Umeme ukija, vichemshe robo saa. Kisha funika sufuria, uiweke ndani ya sanduku la majani makavu, na juu yake ugandamize mto. Joto halitoki, na viazi vinaendelea kuiva vyenyewe mpaka jioni.

Sanduku hilo tulilijua. Bibi yangu alipikia humo maisha yake yote.

"Liko kwa Wally," mama alisema. "Na kwa Wally siendi."

Mimi nilikuwa na mdomo. Nikamuuliza Bi Pohlmann imekuwaje Warusi na Wamarekani, waliompiga Hitler pamoja, leo waoneane kisirani namna hii. Mama alinikata jicho, lakini mwalimu ni mwalimu.

"Adui mmoja ndiye aliyewaunganisha," alisema. "Alipokufa, kila mmoja akabaki akimtazama mwenzake. Amerika inataka viwanda na mashamba viwe vya watu binafsi, na biashara iwe huru. Urusi inataka vyote viwe chini ya serikali, na chama kiwe kimoja. Hayo wameyabishania tangu zamani. Lakini sasa kila mmoja ana jeshi kubwa, na kila mmoja anamwogopa mwenzake."

Akaendelea taratibu. Warusi walikuwa wamepoteza zaidi ya watu milioni ishirini, kwa hiyo wakaweka serikali za kuwatii katika nchi jirani, wasivamiwe tena. Wamarekani wakaona Urusi inameza Ulaya, wakatoa fedha nyingi kuzijenga upya nchi zilizoharibika. Warusi wakauona msaada huo ni chambo. Mwezi wa Juni pesa mpya ikatolewa upande wa magharibi, Warusi wakaona nchi inagawanywa bila wao, wakafunga barabara.

"Kila mmoja akijilinda, mwenzake anaona anashambuliwa," alisema. "Wale wana nchi za kugombea. Wewe na Wally mnagombea nini, Hertha? Baba yenu ni mmoja, na ana njaa."

Mama alifuta macho kwa aproni.

Jumapili asubuhi aliloweka viazi, akanishika mkono, tukaenda. Wally alifungua mlango.

"Sikuja kujiandikisha," mama alisema.

"Sijakuuliza. Baba hajambo?"

"Hali chakula, Wally. Nimefuata sanduku la mama."

Wally akaingia ndani, akatoka akiburuta sanduku la bibi. Alikuwa ametia majani mapya. Wakalibeba wao wawili, kila mmoja upande wake, nami nyuma na mto. Askari wa mpakani alitusimamisha. Akachomeka mkono kwenye majani, akapekua mpaka chini, asipate kitu. Akatuambia tupite na takataka zetu. Kwa mara ya kwanza tangu Julai, mama na Wally walicheka pamoja.

Ugomvi wa wakubwa wale uliendelea zaidi ya miaka arobaini, ingawa barabara zetu zilifunguliwa mwezi wa Mei uliofuata. Ule wa kwetu uliishia jikoni, Jumapili ile ile. Jioni mama alifunua sufuria, mvuke ukampanda usoni. Viazi vilipondeka kwa mwiko tu. Wally akatia chumvi, akamlisha babu kijiko cha kwanza.

Babu alimung'unya. Tukangoja tumbo limshike. Halikumshika. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, kisha akawatazama binti zake.

"Nani kapika?"

"Wally," alisema mama.

"Hertha," alisema Wally.

Mzee akasogeza sahani mbele, machozi yakimlenga.

"Basi niongezeeni, wanangu. Nyote wawili."