Kilo Sitini na Mbili

Hii ilimpata Gichuru, rafiki yangu, fundi wa magari pale Kamenu, Thika. Usiniulize ilikuwa nini, maana hata yeye hajui.

Jumapili angeingia drag race, zile mbio za magari za kwenda moja kwa moja, kwa mara ya kwanza, kwa hivyo aling'oa viti vyote vya Subaru yake akabakisha cha dereva, ili gari iwe nyepesi. Ijumaa akaipeleka Ruiru, kwa ghala la vyuma kuukuu lenye mizani ya malori, akaipandisha juu ya bamba lake la chuma. Stima zilikuwa zimepotea. Ndani mlikuwa na giza, namba nyekundu za mizani tu ndizo zilizowaka kwa betri.

"Shukeni wote wawili, nipime gari tupu," Aketch, mama wa mizani, akaita.

"Wawili gani, mathe? Niko peke yangu."

Gichuru akashuka, akatoka kwenye mizani. Namba zikapungua kilo sabini, uzito wake. Kisha springi za kushoto, pale hakukuwa na kiti, zikalia kwiii, gari ikainuka kama mtu ameteremka. Namba hazikusonga.

Bamba la chuma la mizani likaanza kulia polepole, hatua kwa hatua, kuja alikosimama. Likanyamaza mbele yake.

Namba zikapungua tena, kilo sitini na mbili.