Jina la Kumi na Moja

Katika miaka thelathini na minne ya ukarani wangu wa serikali mjini Shinyanga, hadi nilipostaafu tarehe 30 Juni 2014, sikuwahi kuandika jambo la uongo isipokuwa mara moja. Nililiandika kwa mwandiko mzuri, kwa wino mweusi, na mistari nikaipiga kwa rula. Nitalifikia jambo hilo mahali pake.

Jumamosi ya tarehe 6 Januari 2024 ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kutulia, nami nilikuwa barazani nikipanga nakala zangu za zamani kwa mwaka na mwezi, ndipo shemeji yangu Pantaleo Magesa alipowasili kutoka Kalangalala, Geita. Pantaleo alikuwa mume wa marehemu dada yangu Apolonia. Mkononi alikuwa na bahasha, kifuani alikuwa na kikohozi. Kikohozi chake nilikifahamu kama ninavyoufahamu mwandiko wa mtu: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu cha kuvuta.

"Daktari amesema niondoke kwenye vumbi," alisema. "Mapafu yangu yamejaa mawe, Karani. Mzee Gulamali ananipa nyumba baharini."

Pantaleo alikuwa amefanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu kwa miaka ishirini na saba, na ile ya mwisho alikuwa msimamizi wa zamu katika shimo la mtu binafsi upande wa Runzewe. Wachimbaji huliita shimo lao duara. Kamba, sururu na nyundo alikuwa akizinunua kwa mzee Gulamali, mwenye duka la vifaa mtaa wa Nyasubi, Kahama. Jumanne iliyofuata tulikwenda dukani humo pamoja.

"Karibuni wastaafu!" mzee Gulamali alipaza sauti kutoka nyuma ya meza yake. "Karani, nasikia nyumbani kwako hata chumvi ina tarehe ya kuingia."

"Na ya kutoka," nikamjibu.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatueleza. Fleti ilikuwa ya marehemu kaka yake, ghorofa ya saba, nje kidogo ya Mombasa, madirisha yote yakitazama maji. Pantaleo angeweza kuipanga kwa mwaka mmoja mmoja, au kuinunua moja kwa moja.

"Ila nataka jibu kabla Februari haijaisha. Mwaka huu mna siku ishirini na tisa. Mmeongezewa moja bure!"

"Apange kwanza," nilisema. "Mtu wa miaka sitini na tisa hanunui nyumba katika nchi ya watu kabla hajajua sauti za majirani zake."

"Wewe shemeji umezaliwa mzee," Pantaleo alisema huku akikohoa. "Nipange, kisha mwenye nyumba akiamka vibaya anitoe na kikohozi changu? Nimeishi kwenye mahema ya watu maisha yangu yote."

Mzee Gulamali alizisukuma funguo juu ya meza. "Msigombane dukani kwangu, wateja watadhani nawapunja. Nendeni mkalale humo wiki kadhaa. Hewa yenyewe itaamua."

Tuliwasili Jumanne ya tarehe 16 Januari. Mariana, binti yake Pantaleo, ambaye ni mwalimu huko Mombasa, alitupokea na vyombo na magodoro. "Shikamoo mjomba," aliniambia, kisha akanivuta kando. "Mshauri baba anunue. Akipanga atapata kisingizio cha kurudi kwenye vumbi, na akirudi hatamaliza mwaka."

Nikiri kwamba siku mbili za kwanza shauri langu la kupanga lilidhoofika. Fleti ilikuwa nyeupe, safi, sakafu ya marumaru. Upepo uliingia upande mmoja na kutokea wa pili. Pantaleo aliketi kwenye roshani akivuta pumzi kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Siku ya pili alikohoa mara tatu tu. Nilihesabu.

Alhamisi ya tarehe 18, saa kumi kamili alasiri, tukiwa tunakunywa chai na jua likiwaka juu ya meza, sakafu iligongwa.

Mara tatu. Taratibu. Kutoka chini.

"Majirani," nilisema.

Kikombe cha Pantaleo kilikuwa kimesimama katikati ya meza na mdomo.

Niliteremka kwa ngazi hadi ghorofa ya sita. Mlinzi alinifungulia fleti iliyo chini yetu, kwani mwenyewe alikuwa safarini tangu mwaka uliotangulia. Haikuwa na kiti, wala zulia, wala alama ya kiatu. Nilitazama juu darini. Palikuwa peupe, pakavu.

Niliporudi, Pantaleo alikuwa amepiga magoti sebuleni. Kwenye ufa mwembamba kati ya marumaru mbili palikuwa pametokea vumbi jekundu, limejikusanya kama lile linaloachwa na mchwa. Alichukua kidogo kwa kidole akalinusa.

"Hili si la huku," alinong'ona. "Hili ni la Runzewe."

Nililifagia mwenyewe. Kesho yake, saa kumi kamili, kugonga kukarudi. Na kesho kutwa. Kila mara mara tatu, na kila mara vumbi lilikuwa limepanda tena katika ufa uleule.

Jumatano ya tarehe 24 aliniita roshanini, akafunga mlango wa kioo nyuma yetu.

"Unaikumbuka ile orodha uliyoninakilia?"

Niliikumbuka. Hapa ndipo mahali pake.

Alhamisi ya tarehe 12 Novemba 2009, duara alilolisimamia Pantaleo liliporomoka. Siku chache baadaye alinijia Shinyanga na daftari la zamu lililochafuka matope, akaniomba nimwandikie nakala safi kwa ajili ya wakaguzi, kwa sababu mwandiko wangu unaheshimika. Daftari lilikuwa na safu tatu: Jina, Ameingia, Ametoka. Majina yalikuwa kumi na moja. Kumi yalijazwa pande zote. La kumi na moja, Stanslaus, lilikuwa na saa ya kuingia tu.

"Huyu?" nilimwuliza siku ile.

"Aliandikwa kwa makosa. Hakuja kazini."

Niliona kwamba ameingia saa mbili asubuhi. Niliona vizuri sana. Nikaandika majina kumi, nikapiga mstari wa kufungia, nikabaki na nakala moja kwangu kama ilivyo desturi yangu. Daftari lenyewe akalichoma uani kwangu.

Jumatatu ya tarehe 23 Novemba mama mmoja aitwaye Bernadina alifika mezani kwangu kutoka Runzewe, miguu ikiwa na vumbi. Alikuwa ameambiwa kwamba orodha iko kwa karani.

"Baba, mwanangu Stanslaus yumo?"

Nilifungua nakala, nikapitisha kidole juu ya majina yote kumi mbele ya macho yake. "Hayumo, mama."

"Kama hayumo katika walioingia, basi yuko njiani." Alitabasamu. "Wabeja, baba." Na kwa shukrani hiyo akaondoka.

Sasa Pantaleo alikuwa ananitazama kwa macho mekundu.

"Aligonga siku mbili," alisema. "Alikuwa akigonga gogo la chini la kuzuia udongo. Mara tatu tatu. Mwenye shimo aliogopa tukifukua wakaguzi watatufungia, akaniagiza nifukie. Karani, unajua zamu inavyofungwa? Saa kumi msimamizi anasimama mdomoni mwa duara na kuita kila mtu kwa jina. Fulani, toka! Naye akifika juu anajibu: Nimetoka. Mchimbaji haachi kazi kabla hajaitwa. Niliwaita kumi. Yeye sikumwita."

"Twende Runzewe," nilisema. "Tumwambie mama yake, tuiambie na serikali. Apate kaburi."

"Nife gerezani, kwenye vumbi? Binti yangu asikie?"

"Basi tuondoke hapa leo hii. Hujanunua. Hujapanga. Huna kinachokufunga."

Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulipima uzito wake.

"Geita nilimsikia. Nikahamia chumba cha nyuma, nikamsikia. Kila nilipokaa palikuwa pa mtu. Mpangaji hana amri, shemeji. Ila mwenye nyumba anaweza kumfukuza yeyote. Nitanunua. Kisha nitamfukuza."

Nilibishana naye mwezi mzima. Mariana, asiyejua lolote, alikuwa upande wa baba yake. Sikuthubutu kumweleza kwa nini nakataa, kwa kuwa nisingeweza kueleza nusu ya kwake bila kueleza nusu ya kwangu.

Alhamisi ya tarehe 29 Februari 2024, asubuhi, Pantaleo alitia saini ya kununua mbele ya wakili. Mimi nilitia yangu kama shahidi. Mariana alimbusu baba yake shavuni akarudi shuleni kwake. Mzee Gulamali alipiga simu kutoka Kahama. "Hongera, mwenye nyumba! Sasa kohoa kwa raha zako!"

Saa tisa na nusu alasiri tulikuwa ndani. Nilifunga mlango wa mbele kwa ufunguo na komeo. Pantaleo alivaa koti lake la kanisani. Alisimama katikati ya sebule, ule ufa ukiwa mbele ya viatu vyake, hati ya nyumba mkononi. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko.

Jua lilijaa chumba chote.

Saa kumi.

Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Pantaleo aliinua hati juu. Sauti yake haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya msimamizi.

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii! Stanslaus! Toka!"

Neno lile lilipomtoka ndipo nilipolisikia. Yeye pia alilisikia. Aligeuza shingo kunitazama, mdomo ukiwa wazi. Alikusudia kumfukuza. Alikuwa amemwita.

Kisha, karibu sana, sauti ya kijana, kavu, yenye adabu:

"Nimetoka, msimamizi."

Sufuria ya chai ilichemka ikamwagika jikoni nyuma yangu. Niligeuka. Nilizima jiko. Nilitumia muda gani? Muda wa kuzungusha kitufe kimoja.

Niliporudisha uso, sebule ilikuwa tupu.

Hati ilikuwa sakafuni. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimesimama juu ya ufa, kamba zimefungwa. Mlango ulikuwa na komeo lake. Mlango wa kioo wa roshani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Hata hivyo nilitoka nikachungulia chini. Watoto walikuwa wanacheza mpira. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyetazama juu.

Kutoka kwenye ule ufa hadi mlangoni palikuwa na nyayo nyekundu za miguu mitupu. Zilikuwa zinakwenda upande mmoja tu. Zilipita chini ya mlango uliofungwa.

Niliita kwa kunong'ona, "Pantaleo?"

Chini ya marumaru mtu alikohoa. Viwili vifupi. Kimoja kirefu cha kuvuta.

Polisi walipekua siku nne. Walifungua fleti ya chini, wakapima shimo la lifti, wakauliza mlinzi. Mariana aliniita kando kama alivyoniita siku ya kwanza. "Mjomba, mlikuwa wawili humu ndani. Baba yuko wapi?" Nilimjibu kwamba sijui. Alinitazama jinsi ambavyo Bernadina hakunitazama.

Nilirudi Shinyanga tarehe 11 Machi. Tarehe 18 nilifunga safari ya Runzewe kumweleza Bernadina kweli yote, miaka kumi na minne baada ya wakati wake. Nilimkuta uani akifua shati la mwanamume lililojaa vumbi jekundu. Kabla sijaketi alisema:

"Si nilikwambia yuko njiani, baba? Alikuja. Alikula, akalala, akaondoka alfajiri. Aliusifu sana mwandiko wako."

Sikumweleza lolote. Nilirudi nyumbani nikafungua kabati la nakala, mwaka 2009, mwezi Novemba.

Orodha yangu ya majina kumi ilikuwa mahali pake. Chini ya mstari wa kufungia palikuwa pameandikwa kwa wino mweusi, na mwandiko ni wangu, hata ile herufi S ninayoipinda mkia:

11. Stanslaus. Ameingia: 12.11.2009, saa 2 asubuhi. Ametoka: 29.2.2024, saa 10 alasiri.

12. Pantaleo. Ameingia: 29.2.2024, saa 10 alasiri. Ametoka:

Hapo pako wazi.

Tangu siku ile, kila alasiri saa kumi, sakafu ya nyumba yangu inakohoa. Naketi barazani nikisikiliza. Mariana hunipigia simu kila Jumapili akilia, nami najua kwamba ninahitaji neno moja tu, Toka, jina la baba yake likitangulia, niliseme kwa sauti kama msimamizi. Atatoka. Nina hakika atatoka.

Lakini jana asubuhi niliifungua tena orodha. Chini ya Pantaleo umepigwa mstari mpya, kwa rula, wino haujakauka vizuri. Namba kumi na tatu imekwisha kuandikwa. Tarehe ya kuingia haijajazwa.

Jina limeanzwa. Herufi ni moja tu, nayo ni A, ile inayoanza jina langu.