Asiyetaka Kufungiwa

Usiguse kitasa bado. Najua umenisikia nikigonga, na Mungu akubariki kwa kupanda ngazi zote hizi, lakini kaa hapo hapo nje unisikilize kwanza. Ukifungua kabla hujanielewa utatuharibia sisi, na wewe hutabaki salama.

Wenye nyumba unawajua, Urbano fundi wa boti na mkewe Leonilde. Mji mzima wa Horta umewasema hawa: mlango wao uko wazi usiku na mchana, kiangazi na baridi, umefungwa kamba kwenye ndoano ya ukutani ili upepo usiubamize. Mimi, jirani yao wa chini, ndiye niliyewasema kuliko wote. Nilidhani ni uvivu. Kumbe ilianza miaka mitatu iliyopita, siku walipovuka bahari kwenda kisiwa cha Pico kunywa mvinyo. Wenyewe wamenisimulia humu ndani.

Binti yao, Benvinda, alikuwa na miezi saba. Tangu amzae, Leonilde hakuwa ametoka bila mtoto hata mara moja, na alikuwa amechoka hadi machozi yanamtoka akikunja nepi. Urbano akamwambia, "Mke wangu, Jumamosi mtoto abaki na mama yako. Twende ng'ambo tukale, tukanywe, kama zamani tulipokuwa hatuna akili."

"Boti ya mwisho saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo. Nusu saa tuko nyumbani."

"Haki ya Mungu nikiikosa sikusamehi. Mtoto hataki chupa, atalia mpaka asubuhi."

Wakavuka na boti ya saa nne asubuhi. Walikula soseji na magimbi kwenye ghala moja la mvinyo, mlango unatazama bahari, na Leonilde akaweka miguu juu ya kiti kama malkia.

"Kunywa basi," Urbano alimtania. "Mbona unaonja kama dawa?"

"Nikinywa mimi na mtoto anakunywa."

"Si vizuri? Awe mtu wa Pico kama baba yake."

"Baba yake ambaye glasi mbili tu ameanza kuimba."

Saa tisa alasiri Urbano akataka kumwonyesha shamba la marehemu babu yake, Laureano. Mashamba ya mizabibu ya Pico unayajua: vyumba vidogo vya mawe meusi, mamia kwa mamia, kimoja mgongoni mwa kingine, na kuta zake hazina saruji, ni mawe yamepangwa tu hadi kifuani kuzuia chumvi ya bahari. Anayetaka kupita na kapu lake anashusha mawe, anapita, kisha anayarudisha. Ukipita, funga. Mtoto wa Pico anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kusali.

Sasa kwenye ukuta wa babu palikuwa na pengo. Upana wake wa mtu mmoja, mawe yake yamepangwa pembeni vizuri, na juu ya mawe kuna kikombe cha udongo kimejaa mvinyo. Shamba lilikuwa limemezwa na magugu, ila hapo pengoni ardhi ilikuwa imekanyagwa ikang'aa.

Urbano akasonya. "Binamu zangu hawana adabu. Nani anaacha ukuta hivi?"

Wakaingia. Urbano akageuka, akakisogeza kikombe, akayarudisha mawe moja moja.

Leonilde akacheka. "Unamfungia nani? Hata mbuzi hamna humu."

"Nyamaza wewe, babu atafufuka anichape."

Alipoweka jiwe la mwisho upepo ukakatika, na pakanuka zabibu zilizokanyagwa, wakati ilikuwa Juni na mavuno ni Septemba. Leonilde akasema, "Unasikia harufu?" Urbano akasema ni joto. Ndipo wakasikia jiwe likiwekwa juu ya jiwe. Tok. Kimya kidogo. Tok.

"Kuna mtu anajenga," Leonilde akanong'ona.

"Binamu huyo. Wee! Nani huko?"

Tok.

Leonilde akataka kutoka. Wakarudi walikoingilia, na mawe aliyoyarudisha Urbano hayakutambulikana tena, na ukuta uliokuwa unawafika kifuani sasa ulikuwa unawafika kidevuni. Urbano akavuta jiwe moja, jiwe ambalo mtoto angelitoa kwa mkono mmoja, likagoma. Akavuta la pili, akapiga teke, akatafuta pa kukanyaga apande, akateleza akachunika viganja, na kila waliposukuma huku sauti ile ikasogea kule. Tok, tok, polepole, kama fundi asiye na haraka, na harufu ya zabibu ikazidi kuwa nzito hadi koo zikawauma, na bahari iliyokuwa kushoto kwao ikaanza kuvuma kulia, halafu nyuma, halafu chini ya miguu yao, na walipoinua macho kuta zilikuwa zimepita vichwa na mbingu imebaki kipande tu.

Leonilde hakuhitaji saa. Maziwa yalikuwa yamemjaa, yanauma, yameanza kulowesha blauzi. Alijua Benvinda ameamka, anamtafuta. Na nyuma ya ukuta, karibu kabisa na sikio lake, kitu kilikuwa kinavuta harufu ya maziwa yale, kinahema taratibu.

"Urbano, kinaninusa."

"Usiseme. Shika mkono wangu."

"Nimwone mwanangu tu. Mungu wangu, nimwone mwanangu tu."

Hapo ikasikika sauti ya bibi kizee, yenye hasira. "Mpumbavu gani amefunga hapa?"

Urbano karibu alie. "Mimi, bibi! Urbano, mjukuu wa Laureano!"

"Nilijua tu. Ukoo wenu na mikono yenu!" Alikuwa Deolinda, jirani wa shamba, mwenye kuwaombea watu waliopatwa na jicho baya, na ndiye aliyekuwa akiweka kile kikombe kila Jumamosi. "Humo kuna mwenyewe, alikuwepo kabla ya mizabibu. Hana shida na mtu akiachiwa pa kupita. Ila ukimfungia, naye anakufungia."

"Tufungulie, bibi, tafadhali!"

"Wa ndani hafungui, anafungua wa nje. Nisikilizeni. Nikitoa mawe, kaeni chini, fumbeni macho, mwacheni atoke yeye kwanza. Akishapita ndipo mtoke. Atakayemtangulia atafuatwa naye mpaka kwake."

"Atachukua muda gani?" Leonilde akauliza.

"Anavyotaka yeye. Pengine dakika moja, pengine mpaka kesho."

Mawe yakaanza kushuka. Wakakaa chini, wakafumba macho. Kitu kikasimama mbele yao, wakahisi ubaridi wake usoni, nacho hakikuondoka. Kisha boti ikapiga honi bandarini Madalena, ile ya kuita abiria. Leonilde akavumilia honi ya kwanza. Ya pili ikampata ameshasimama. Alikimbia, akapenya pengoni, Urbano nyuma yake anamwita, na nje akakutana na Deolinda, ambaye hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya bega lake, akapiga ishara ya msalaba.

"Mwanangu, hukutoka peke yako."

"Nifanyeje, bibi?"

"Kwako usifunge tena mlango. Awe na pa kutokea. Basi, nenda, mtoto analia."

Botini abiria walijaa hadi wengine wakasimama, lakini kiti cha pembeni yake hakuna aliyekikalia. Alifika, akambeba Benvinda, akamnyonyesha huku analia kwa furaha, na humo chumbani kukanuka zabibu. Usiku huo huo Urbano akapigilia ndoano ukutani.

Miaka mitatu wakaishi naye hivyo, anatoka, anarudi.

Mimi nililikoroga juzi Jumanne. Niliwaletea supu. Mvua ilikuwa inapiga ya upande, sakafu yote imelowa, nikasema moyoni hawa watu wamerogwa, nikafungua kamba na kuusukuma mlango kwa kisigino kwa kuwa nilishika sufuria. Mazoea tu, mama yangu alinifundisha mlango hufungwa. Leonilde alikuwa anakata vitunguu. Aliachia kisu, akaniangalia.

Tangu hapo tumo humu. Dirisha nimelipiga kwa kiti, kiti kimevunjika. Simu inaita, akipokea mtu anahema tu. Kila baada ya muda tunasikia jiwe likiwekwa, na korido hii ya hatua nne jana niliitembea nikahesabu thelathini. Naogopa, jirani. Kwa umri wangu sijawahi kuogopa hivi.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua polepole, kisha ugeukie ukuta, ufumbe macho. Sisi tumekaa sakafuni. Harufu ya zabibu ikishakupita na kushuka ngazi, tuite. Leonilde ameapa safari hii hatasimama hata nyumba ikiwaka moto.

Haya, shika kitasa.

Ngoja. Leonilde, si ulikuwa umempakata mtoto?

Benvinda? Njoo hapa kwa mama yako, mpenzi. Nani kakuvalisha viatu?

Amesimama mlangoni, jirani, upande wetu, pua yake karibu iguse mbao. Anatabasamu, na mkono mmoja ameuinua juu kabisa, kama mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu. Baba yake anamvuta kiunoni na hawezi kumsogeza.

Anasema wanatoka wote wawili.

Usifungue. Umenisikia? Toa mkono wako kwenye kitasa. Jirani, nakuomba, usifungue.